Picha za Ndege za Kale: Anza na Nyaya

Mara ya kwanza kuingia Science Museum, makumbusho ya sayansi ya London, nilirudi Nairobi na picha 312 za ndege za kale. Dada yangu anaishi kule, na siku moja ya mvua alinipeleka ghorofa ya 3, kwenye ukumbi wa ndege. Kiingilio ni bure. Nikafyatua kamera kama niko kwenye harusi.

Nyumbani Lang'ata nilimwonyesha jirani yangu, mzee aliyestaafu ufundi wa ndege pale uwanja wa ndege wa Wilson. Alizipitia polepole, kisha akauliza, "Kijana, nyaya ziko wapi?"

"Nyaya gani, mzee?"

"Hizi ndege zimefungwa kwa nyaya. Wewe umenipigia mabawa yanayoelea."

Alikuwa na haki. Ndege ya mwanzo ni mbao, kitambaa na nyaya za kukaza mabawa yasitengane. Ukiipiga nzima kutoka mbali, nyuma yake kuna taa, watu na ndege nyingine tatu, na ule waya mwembamba unamezwa. Siku hizi naanza na waya. Nachuchumaa, nasogea kushoto na kulia mpaka nyuma yake pawe na kitu kimoja tu, ukuta au kivuli, ndipo nabonyeza. Ukiupata waya, bawa litakuja lenyewe.

Flashi izime kabisa. Kitambaa cha mabawa hupakwa dawa ya kukikaza, nacho hung'aa. Flashi huacha doa jeupe katikati. Fungua tundu la lenzi hadi f/4 au f/2.8 ili mwanga uingie kwa wingi, na usiogope ISO 3200, yaani kuiongezea kamera wepesi wa kuhisi mwanga. Chenga kidogo kwenye picha zinavumilika, picha iliyotikisika haina dawa. Kwa kuwa tripodi, stendi ya miguu mitatu, hukataliwa kwenye kumbi nyingi, mimi huegemea nguzo na kutoa pumzi nusu.

Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera huruhusu mwanga kuingia, iliniumiza kichwa zaidi. Picha zangu kadhaa zilikuwa na mistari ya giza, nikadhani kamera imekufa. Kumbe ni taa. Umeme wa Uingereza, kama wetu, ni hezi 50, kwa hiyo baadhi ya taa hupepesa mara 100 kwa sekunde. Baki kwenye 1/50 au 1/100 ya sekunde, mistari mingi itaondoka. Wewe unayepiga kwa simu, gusa sehemu angavu ya bawa na ushushe mwanga kidogo kabla ya kupiga.

Usipite injini haraka. Zile za kuzunguka, kama Gnome, zilizunguka zote pamoja na propela huku mhimili wake umetulia, zikimrushia rubani mafuta ya mbarika. Ndiyo, yale yale ya kufungua tumbo. Ukijua hilo, utazipiga silinda kwa jicho lingine.

Ndege niliyoitafuta niliporudi mara ya pili ni Gipsy Moth ya kijani inayoitwa Jason, ambayo Amy Johnson aliirusha peke yake kutoka Uingereza hadi Australia mwaka 1930. Kwa Mnairobi ina udugu na nyumbani: mwaka mmoja kabla, Florence Wilson alianzisha Wilson Airways hapa kwetu kwa Gipsy Moth, na uwanja wa Wilson unabeba jina lake. Jason imening'inizwa juu, na ukipiga kutoka chini unapata tumbo tu. Panda kwenye daraja la juu la ukumbi, uwe sawa nayo.

Nauli ya London si ya kila mwezi, kwa hiyo mazoezi nilifanyia makumbusho ya reli hapa mjini. Garimoshi la mvuke Garratt 5918, Mount Gelai, halina hata uzi wa kitambaa, lakini ribiti zake, zile pini za kuunganisha vyuma, na mabomba yake yalinifunza kuchagua kitu kimoja na kuacha vingine. Nenda asubuhi; saa sita jua huunguza upande mmoja na kuzamisha mwingine. Wilson yenyewe, usitoe kamera bila ruhusa.

Safari ya pili nilileta picha 40 tu. Mzee alichagua moja, ya waya na kipande cha bawa la kijivu, akaivuta karibu na macho kuhesabu mishono. Kisha akaniambia nimeikata propela.