Dalali amekula huku na huku: cha juu ni cha nani?

SWALI

Niko Arua. Mwaka jana niliuza ploti yangu ya futi 50 kwa 100 kule Matugga, barabara ya Bombo. Siwezi kushuka Kampala kila wiki, kwa hiyo nilimpa kazi dalali niliyeelekezwa na shemeji yangu. Nilimwambia nataka milioni 65 za shilingi. Mteja akapatikana, nikapanda basi la usiku, tukaandikiana kwa mwanasheria milioni 65, pesa zikaingia benki, na dalali nikamtolea asilimia 5 yake, milioni 3.25.

Mwezi uliopita mnunuzi alinipigia simu kuuliza jiwe la mpaka la upande wa juu liko wapi. Katika maongezi akasema, "Na milioni 78 zote nilizotoa, nikose hata jiwe?" Kumbe milioni 13 alimkabidhi dalali pembeni, na juu yake milioni 2 za "kumtafutia". Nimemuuliza dalali, anasema cha juu, yaani ile ziada juu ya bei yangu, ni haki yake, ndivyo soko lilivyo. Tena dalali mwingine nisiyemjua ananipigia kila Ijumaa, anadai ndiye aliyemleta mnunuzi. Na huyu wa kwanza bado ana uso wa kuniomba nimwandikie hati ya kutia sahihi kwa niaba yangu, auze ploti yangu ya Gayaza bila mimi kusafiri. Nifanyeje?

JIBU

Dada, tupige hesabu kwanza. Mnunuzi alitoa jumla ya milioni 80. Wewe umebaki na milioni 61.75. Milioni 18.25 zimekwenda kwa mtu ambaye hana hata tofali moja Matugga.

Mimi pia ni dalali, kwa hiyo sitajifanya nimeshtuka. Akikuambia ndivyo soko lilivyo, hasemi uongo. Bosi wangu wa kwanza hapa Kampala alinifundisha kwamba mwenye mali na mnunuzi wasikutane mpaka siku ya sahihi, na siku ya sahihi wasikae benchi moja. Mmoja anakalishwa ndani kwa mwanasheria, mwingine anapelekwa kunywa chai ng'ambo ya barabara. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka chai. Nilidhani ni adabu ya kazi, kumbe nilikuwa nalinda bei mbili zisigongane mlangoni.

Lakini soko ni kitu kimoja na sheria ni kitu kingine. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 ina sehemu nzima inayohusu uwakala. Ukimwambia mtu akuuzie ploti naye akakubali, tayari ni wakala wako. Huhitaji muhuri wala mashahidi ili uhusiano huo uwepo. Unaweza kuonekana hata katika matendo yenu. Na tangu siku hiyo ana deni la uaminifu kwako. Kila jambo zito analolijua kuhusu biashara yako inampasa akueleze, na hakuna jambo zito kuliko mtu aliye tayari kutoa 78. Inampasa kukupa hesabu ukiidai. Na faida aliyoipata kisirisiri kupitia kazi yako, unaweza kuidai iwe yako.

Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1903, Andrews dhidi ya Ramsay, inayofanana na yako kama pacha. Wakala alipewa nyumba auze kwa kamisheni ya pauni 50. Akauza, akachukua 50 zake, na kwa siri akapokea pauni 20 kutoka kwa mnunuzi. Mwenye mali akazidai zile 20, akazipata. Kisha akarudi kudai na zile 50, akazipata pia, kwa sababu mahakama ilisema wakala aliyekula upande wa pili hastahili ujira wa upande wa kwanza. Hukumu za Uingereza haziwafungi majaji wetu, lakini husikilizwa, maana sheria yetu ya uwakala imetoka kwenye chemchemi hiyo hiyo. Kwa hiyo unachoweza kudai si zile 13 peke yake. Kuna zile 2 za mnunuzi, na kuna 3.25 uliyomtolea mwenyewe kwa mkono wako.

Sasa nitakuuliza swali ambalo wakili wa dalali atakuuliza kabla hujakaa vizuri. Siku ile ulimwambia maneno gani hasa?

Umeniandikia, "Nilimwambia nataka milioni 65." Kama maneno yaliishia hapo, 65 ilikuwa bei ya chini uliyo tayari kuipokea, na kilichopatikana juu yake ni chako. Ila wenye mali wengi hawasemi hivyo. Husema, "Mimi nipe 65 mkononi, nyingine jijue mwenyewe." Hiyo tunaiita bei ya mkononi, na ukishaisema umemruhusu kuongeza chake. Akiuza 78 au 90, umebariki mwenyewe. Dalali wako bila shaka atasema hivi ndivyo mlivyokubaliana.

Bahati yako ni kwamba alijikwaa. Bei ya mkononi haina asilimia. Mwenye kuishi kwa cha juu hana kamisheni, na mwenye kamisheni hana cha juu. Kwa kupokea asilimia 5 ya 65 amekiri kwa vitendo kwamba alikuwa wakala wa kulipwa kamisheni, na kwamba alikuonyesha 65 kama bei kamili ya ploti. Hawezi sasa kuvaa kanzu ya pili. Tafuta ushahidi wa malipo hayo, yawe yalipita benki au mobile money, uuweke mahali salama.

Nenda pia kwenye WhatsApp yako. Sheria hiyo hiyo ya 2010 inataka mkataba wenye thamani ya zaidi ya shilingi 500,000 uwe wa maandishi, na wengi wetu husoma hapo tukakata tamaa. Wasichokisoma ni kwamba ujumbe wa simu au wa kompyuta unaoweza kufunguliwa tena baadaye nao unahesabika kuwa maandishi. "Dada, mteja yuko, anasimamia 65, tusimwache" ni ushahidi wenye uzito. Usiifute, usiuze simu hiyo, na usimpe mtoto achezee.

Kuhusu zile milioni 2 za mnunuzi, dalali anaweza kuhudumia pande mbili kama pande zote mbili zinajua na zimekubali. Kwenye kupangisha nyumba hapa mjini hilo ni la kawaida, mpangaji analipa na mwenye nyumba analipa, na kila mmoja anajua. Kwako wewe hukuambiwa. Anayekupigania bei ipande na huku analipwa na anayetaka ishuke, huyo anapigania tumbo lake.

Shahidi wako mkubwa ni mnunuzi, na hapo ndipo kazi ilipo. Karatasi yake inasema 65 naye alitoa 78. Ushuru wa stempu wa kuhamisha ardhi ni asilimia 1.5, na tofauti ya hapo ni shilingi 195,000 tu, lakini mtu akisikia neno mahakama na ushuru katika sentensi moja hupoteza kumbukumbu ghafla. Usimwendee kwa vitisho. Yeye pia ameumizwa, maana kama mngekaa benchi moja labda mngekutana kwenye 70 au 72, wote mkafurahi. Na kwanza msaidie kupata lile jiwe. Akikubali, aandike kwa ufupi alichotoa, alimpa nani, na tarehe gani.

Kisha mwandikie dalali barua ukimtaka akupe hesabu ya mauzo, umpe siku kumi na nne. Wengi hulainika hapo, hasa wakiona barua imetoka kwa wakili, nawe ukapunguziwa safari za mahakamani. Akikataa, utafungua kesi ya madai. Ule utaratibu wa madai madogo usiokuwa na mawakili hautakufaa kwa dai lote, kwani kanuni zake za mwaka 2011 ziliweka mwisho wa milioni 10.

Usiende kuripoti polisi kwa hasira ili "wamtishe kidogo." Nimeona wenye haki wakigeuka wenye kuombwa pesa za mafuta ya gari.

Hati ya Gayaza. Hapana. Sisemi hati za aina hiyo ni mbaya, zina kazi yake, na watu walio nje ya nchi huzitumia kuuza. Lakini ukimpa mtu mamlaka ya kutia sahihi, umemtoa kwenye kutafuta mteja ukamweka kwenye kiti chako. Mahakama ya Juu ya Uganda, katika rufaa ya madai namba 4 ya mwaka 2006, ilikutana na mtu aliyeipa kampuni mamlaka juu ya ardhi yake, na kampuni ikaiweka rehani benki kwa mkopo wake yenyewe. Mahakama ilisema aliyepewa mamlaka hayo anatenda kwa jina na kwa manufaa ya aliyempa, na akiyatumia kujinufaisha ametoka nje ya alichopewa. Mwenye ardhi alishinda, lakini alilazimika kupanda hadi mahakama ya mwisho ya nchi. Wewe nauli ya kutoka Arua mara moja ni nafuu.

Kama ni lazima utumie mwakilishi, awe ndugu asiye na kamisheni ndani yake, na hati ieleze ploti moja, bei ya chini, akaunti ya benki yenye jina lako, na tarehe ya kwisha. Hati halisi ya ardhi ibaki kwako. Dalali nakala inamtosha. Mnunuzi mwenye nia ataenda mwenyewe ofisi ya ardhi ya kanda kuangalia rekodi.

Na dalali utakayemtumia Gayaza, kwa vile kazi yetu haikutungiwa sheria yake kama walivyotungiwa wapima ardhi na mawakili, na mwenye simu na viatu vizuri anaweza kuianza Jumatatu, mwandikieni karatasi moja. Mimi nikipewa ploti hutaka iandikwe kwamba kila ofa nitaipeleka kwa mwenye mali siku hiyo hiyo, kamisheni yangu ni asilimia fulani ya bei halisi aliyolipa mnunuzi, sipokei kitu kwa mnunuzi bila mwenye mali kujua, na pesa zote zinaingia kwa mwenye mali moja kwa moja. Halafu muda, miezi mitatu. Nimepoteza wateja kadhaa kwa karatasi hiyo, wengine wakiona naringa. Sijawahi kupigiwa simu ya kuuliza 13 zilikwenda wapi.

Amebaki yule wa kila Ijumaa. Ploti moja ikishaingia kwenye magrupu ya WhatsApp hupita mikononi mwa madalali watano sita, kila mmoja akipeleka picha kwa mwenzake, na siku ya mauzo wote ni wazazi wa mtoto. Wewe hukumtuma, hukumjua, hukumwahidi kitu. Kama dalali wako alimwomba msaada, huyo ni mgeni wa dalali wako, na chakula chake kitoke kwenye sahani ya aliyemwalika. Mpe namba ya simu ya mwenzake, na umtajie zile milioni 18.25. Nadhani Ijumaa ijayo atakuwa na mtu mwingine wa kumpigia.