Wauguzi kuweka katheta za vena kuu

Dada muuguzi, umeuliza kama wauguzi wa wodi yako ya wagonjwa mahututi wanaweza kuunda timu ya kuweka na kutunza katheta za vena kuu (mirija myembamba inayoingizwa hadi kwenye mshipa mkubwa wa damu ulio karibu na moyo), badala ya mgonjwa kumsubiri daktari wa usingizi hadi usiku. Wanaweza, mradi kanuni za taaluma nchini kwenu ziruhusu na mafunzo yawe ya kina. Katika Hospitali ya Liverpool, Sydney, huduma hiyo ilianza 1996, na hadi 2009 wauguzi bingwa walikuwa wameweka katheta 4,560, huku visa vya hewa kuvuja kifuani na vya maambukizi ya damu vikiwa vichache sana.

Hata hivyo, nakusihi uanze na utunzaji, kwani hapo ndipo wagonjwa wengi huumia. Tazama kingo za bandeji inayofunika mahali katheta ilipoingia: zikiwa zimebanduka na chini yake pana unyevu, ibadilishwe papo hapo, ngozi isafishwe kwa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) yenye spiriti na kuachwa ikauke yenyewe. Kila asubuhi ulizeni kama katheta bado inahitajika. Katika kuweka, altrasaundi kwangu ni ya lazima, na muuguzi msimamizi awe na mamlaka ya kumsimamisha yeyote, hata daktari bingwa, aliyeruka hatua ya usafi.