Siri ya Reiner haikuzuka njiani

Umeuliza kama siri ya Reiner katika manga (katuni ya Kijapani) Attack on Titan iliandaliwa au mtunzi wake, Hajime Isayama, aliibuni njiani. (Kama hujafika sura ya 42, ishia hapa.)

Iliandaliwa. Siri ni kwamba Reiner, askari wa watu wanaoishi ndani ya kuta kuyakwepa majitu, kumbe ni mmoja wa majitu waliotoka nje kuwashambulia. Rudi kwenye ngome ya Utgard, usiku ule: askari mwenzake Ymir anapekua chakula, anapata kopo la samaki na kusoma maandishi yake. Reiner anashtuka, maana hayo si maandishi ya watu wa ndani ya kuta. Wengi tulipita tu, kwa sababu akili yote ilikuwa kwa majitu yaliyozuka ndani ya Ukuta Rose, mmoja wa kuta hizo. Huo ndio ufundi ninaoupenda: kidokezo kiko mbele ya macho, ila hofu inakuzuia kukiona. Hata siri yenyewe Reiner anaitamka kwa sauti ya kawaida kabisa, huku wenzake wakizungumzia mambo mengine.

Hadithi ilitoka kila mwezi, 2009 hadi 2021, kwa hiyo wasomaji walikuwa na muda wa kurudi nyuma na kukagua. Linganisha pia kichwa cha sura ya kwanza na cha sura ya 122, uone vinavyojibizana.