Do'Urden waliishia nafasi ya 9
Unasema koo hiyo ya riwayani ilichukua nafasi ya 4 ya ukoo iliouangamiza? Ya 9, kaka, si ya 4. Ukoo wa Do'Urden ulikuwa wa 10 kwa cheo pale Menzoberranzan, mji wa elfi wa gizani chini ya ardhi. Ukaufyeka ukoo wa DeVir, uliokuwa wa 4, na bado ukasogea hatua moja tu. Ni kama foleni ya ndoo kwenye kioski cha maji: wa nne akitolewa, wa kumi anakuwa wa tisa, hata kama ndiye aliyemsukuma. Baraza la mji ni la koo 8 za juu, kwa hiyo walibaki mlangoni. Imo kwenye riwaya ya mwandishi Salvatore ya 1990, Homeland; nakala yetu imeshatoka jalada kwa kuazimana hapa Area D, sisi wacheza michezo ya kuigiza wahusika kwa kete kila Jumamosi.

Ila usiseme Do'Urden waliepuka adhabu ya uvamizi huo kwa usiri tu. Kwa sheria ya hao elfi wa gizani, hakuna adhabu bila mmoja wa damu ya ukoo uliovamiwa kubaki hai na kushtaki. Alton DeVir alibaki, alikuwa chuoni akisomea uchawi, lakini akajificha kwa kuchukua nafasi ya mwalimu aliyeuawa. Na usiku huohuo wa uvamizi Dinin Do'Urden akamuua kaka yake Nalfein. Familia hiyo!