PATH na xcode-select kwenye Mac: njia mbili tunazozichanganya

Ndugu, umeeleza kwamba baada ya kupandisha toleo la macOS, amri ya git (programu ya kutunza historia ya msimbo) iliyokuwa ikifanya kazi vizuri imeanza kukujibu kwa maneno "xcrun: error: invalid active developer path", na kwamba umekwisha kuongeza mistari minne ya PATH kwenye .zshrc, faili la mipangilio ya terminali, bila mafanikio. Nakushauri uifute mistari hiyo kwanza, kwa sababu tatizo lako haliko huko. Nasema hivi kwa kuwa nami niliwahi kumaliza alasiri nzima nikihariri faili hilohilo, nikifunga na kufungua terminali kila mara, huku jibu likiwa ni lile lile.

Kinachotuponza ni kwamba kwenye Mac kuna njia mbili tofauti. Ya kwanza ni PATH, ambayo ni orodha ya folda zilizotenganishwa kwa nukta pacha. Zsh, yaani programu inayopokea amri zako kwenye terminali, huzipekua kwa mfuatano kuanzia ile ya kushoto, na programu ya kwanza kukutwa yenye jina uliloandika ndiyo inayoendeshwa. Ya pili ni folda ambayo mfumo umeiteua kuwa makao ya zana za wasanidi, na hiyo huwekwa kwa amri ya xcode-select wala haihusiani na .zshrc. Unapoandika git, PATH inakufikisha salama kwenye /usr/bin/git, lakini faili hilo si git yenyewe, bali ni tarishi anayepokea ombi lako, akauliza makao ya zana yako wapi, kisha akalipeleka huko. Clang, make na python3 zilizomo katika /usr/bin ni matarishi wa namna hiyohiyo. Ukitazama vizuri, hata ujumbe wa kosa unakwambia hivyo: kama PATH ndiyo ingekuwa na kasoro, zsh ingekujibu "command not found", lakini aliyelalamika ni xcrun, msaidizi anayetumiwa na tarishi kuzitafuta zana, maana yake tarishi alipatikana ila alikotumwa hakukuta kitu.

Basi andika xcode-select -p uone makao yaliyoteuliwa. Kwa kawaida utapata moja kati ya majibu mawili: /Library/Developer/CommandLineTools, ambayo ni zana za terminali peke yake, au /Applications/Xcode.app/Contents/Developer, ambayo ni Xcode kamili, yaani programu ya Apple ya kutengenezea programu. Ikiwa ni ya kwanza na folda hiyo haipo au imebaki nusu, andika xcode-select --install, ukubali kwenye kidirisha kitakachojitokeza, kisha usubiri. Ukiambiwa kuwa zana tayari zimesakinishwa ilhali kosa lingali pale, iondoe folda ya zamani kwa sudo rm -rf /Library/Developer/CommandLineTools (sudo huendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi), halafu usakinishe upya. Amri hiyo isome mara mbili kabla ya kuithibitisha, kwani nafasi moja tu ikiingia kimakosa katikati ya njia hiyo, amri inaweza kufuta usichokusudia.

Kama unahitaji xcodebuild, amri ya kuunda miradi ya Xcode, zana za terminali peke yake hazitakutosha. Sakinisha Xcode, kisha uielekeze kwa sudo xcode-select -s /Applications/Xcode.app/Contents/Developer, na ukubali leseni kwa sudo xcodebuild -license accept. Ukikutana na maelekezo yanayotaja /Developer kwenye mzizi wa diski, yapuuze, kwa kuwa hayo ni ya kabla ya Xcode 4.3 ya mwaka 2012, ambapo zana zilihamishiwa ndani ya programu yenyewe.

Sasa nieleze lililonipata mimi, maana ndilo gumu kugundua. Nilikuwa na Xcode mbili, ile ya kawaida na ya majaribio, na kila nilipotumia xcode-select -s kurudi kwenye ile ya kawaida, xcodebuild iliendelea kunionyesha toleo la majaribio. Niliisakinisha upya bure. Kumbe miezi kadhaa nyuma nilikuwa nimeandika kwenye .zshrc mstari wa export unaoweka DEVELOPER_DIR, kigeu kinachotaja makao ya zana, nikausahau, na thamani hiyo inapokuwapo huishinda ile ya mfumo mzima. Tangu hapo siiweki kwenye faili lolote; nikihitaji toleo jingine naitanguliza kwenye amri moja tu, kwa mfano DEVELOPER_DIR=/Applications/Xcode-beta.app xcodebuild -version, na amri ikiisha athari yake nayo imekwisha. Andika echo $DEVELOPER_DIR uhakikishe kwako iko tupu.

PATH ina lawama yake pale tu unapotaka git ya Homebrew, kisakinishi cha programu kwenye Mac, lakini ukapata ya mfumo. Andika which -a git uone zote kwa mpangilio wake, kisha uhakikishe kuwa /opt/homebrew/bin, au /usr/local/bin kwa Mac za Intel, inatangulia /usr/bin. Usijaribu kuifuta /usr/bin/git, kwani tangu macOS ya El Capitan ya mwaka 2015 mfumo unailinda folda hiyo hata dhidi ya sudo. Ikiwa mipangilio yako ya zamani imo katika .bash_profile, zsh haiisomi, na zsh ndiyo chaguo-msingi kwa akaunti mpya tangu Catalina ya mwaka 2019. Tena, programu unayoifungua kwa kubofya kwenye Dock haisomi .zshrc, na hiyo ndiyo sababu kihariri chako huenda kisiione zana ambayo terminali inaiona.

Ukimaliza, andika xcrun --find git. Ikikurudishia njia inayoanzia kwenye makao uliyoyateua, git itaitika. Isipofanya hivyo, niandikie majibu ya xcode-select -p, echo $DEVELOPER_DIR na which -a git kama yalivyo, bila kuyafupisha.