Kabla hujamjengea mzee wako nyumba ya geti

Wiki iliyopita kaka mmoja wa Muscat kaniandikia ujumbe mrefu. Mama yake yuko Micheweni, Pemba, kabaki na mjukuu mmoja tu tangu mzee wao afariki, na yeye ameshanunua kiwanja Unguja, upande wa Tunguu. Anataka kujenga: vigae, choo cha ndani, geti, na mtumishi wa kulala humo humo. Swali lake: "Dada, wewe unaishi na wazee, nambie niongeze nini ili mama astarehe?"

Nilimjibu kwa ufupi. Lakini najua nyote mnaonisoma mna hamu hiyo hiyo. Nani kati yetu hajaota kumtia mzazi wake kwenye nyumba mpya, watu wakapita wakaona? Kwa hivyo naandika kwa kirefu. Kaka, katika ujumbe wako wote ule umenitajia fundi, bei ya vigae na rangi ya geti. Hukunambia mama mwenyewe kasema nini.

Mie nakaa Wete, huku huku Pemba, nyumba aliyoijenga baba kwa pesa za karafuu. Mama alipotutoka, ndugu zangu wawili walikaa kikao kwa simu bila ya mimi. Mmoja yuko Oman, mwengine ana nyumba Fuoni, Unguja. Wakakata shauri baba ahamie Fuoni. Chumba kikapakwa rangi, godoro jipya likanunuliwa, na mie nikapewa kazi moja: kumfungia mizigo.

Nikamfuata baba barazani nikamuuliza kama anataka kwenda. Hakuinua hata uso. "Mie sendi. Fuoni n'takwenda kumuamkia nani?"

Nikapiga simu nikawaambia haendi. Ndugu zangu, nilisemwa! Kwamba namng'ang'ania mzee kwa sababu ya shamba. Kwamba nataka pesa za matumizi zipitie mkononi mwangu. Kuna shangazi yetu mpaka leo akiniona harusini ananiita "mwenye baba yake", na watu wanacheka. Nimesamehe, lakini maneno yale nayakumbuka yote, kwa mpangilio wake na nani aliyasema.

Na sijifanyi malaika. Kukaa na mzee ni kazi. Zipo siku nakaa jikoni moto umeshazimika, sufuria imeshaepuliwa, sitoki, kwa kuwa nikitoka nitaulizwa tena lile nililolijibu asubuhi. Anayekwambia kulea mzazi ni raha tupu hajalea, katuma pesa.

Basi, baba akabaki. Baada ya muda akaja rafiki yake wa Tumbe, nahodha, aliyeuza ngalawa yake macho yalipoanza mtoto wa jicho. Alikuja Wete kwa ajili ya matibabu, akalala kwetu, macho yakatengenezwa, na kurudi hakurudi. Kwake Tumbe hakuna mtu. Watoto wako Dar es Salaam na Mombasa. Walinipigia kwa aibu wakisema watakuja kumchukua. Niliwaambia msimchukue, changieni. Wa tatu ni Maalim, mwalimu wa chuo cha Qur'ani, hana mke wala mtoto. Yeye alikaribishwa na baba bila ya kuniuliza mie, nikamkuta keshatundika kanzu zake ukutani. Nikaenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa wetu, kuwaandikisha wote wawili, maana mgeni akishakuwa mkaazi lazima sheha ajue, na nikarudi mtaani jina limeshatoka: nimefungua hoteli ya wazee.

Hoteli ndiyo hii hapa, na inakwenda vizuri kuliko nyumba nyingi zenye geti.

Kwanza, kila mzee na asubuhi yake. Baba huamka kabla ya adhana, anataka uji wa mtama, na hataki kusemeshwa mpaka jua lipande. Nahodha akishasali alfajiri hurudi kulala. Akiamka saa tatu anataka chai ya rangi na muhogo, na redio juu. Maalim ana sukari, kwa hivyo chai yake haitiwi kitu na muhogo anapimiwa. Mpwa wangu anayenisaidia alitaka tupike sufuria moja, sote tule saa moja, tumalize. Nilimkatalia. Mzee keshapoteza mke, kazi, macho na wenzake waliokufa. Ukimpotezea na asubuhi yake, umembakishia nini? Si gharama kubwa hata: mafiga ni yale yale, ni wewe tu kuinuka mara tatu.

Pili, na hapa ndipo penye siri yote, mpe kazi. Sisemi umtumikishe. Nasema umuulize anataka kufanya nini, ukae kimya mpaka ajibu. Nahodha alikaa kwetu siku nyingi akitizama barabara tu. Siku moja nikamuuliza, akaniambia nimtafutie fito na kisu kikali. Alitaka kusuka madema, mitego ya samaki.

Nimekulia Pemba, samaki wa dema nimekula maisha yangu yote, lakini sikuwahi kukaa nikatizama dema likisukwa. Anapasua fito kwa urefu, anaziparuza mpaka zinakuwa nyembamba zinapinda bila ya kuvunjika, halafu anazipitisha moja chini moja juu mpaka yanatoka matundu ya pembe sita, yote sawa. Hapimi. Vidole ndivyo vinavyopima. Kazi ngumu ni mdomo: unaingia ndani, mpana nje, mwembamba ndani, samaki akipita haoni pa kutokea. Mdomo ule anausuka kwa kupapasa, macho kayafumba kabisa, na ukimsemesha hapo anakutukana.

Sasa vijana wa bandarini wanakuja kuagiza. Wanabishana naye bei, wengine wanamkopa. Baba anamtania, "Yakhe, wewe hufi, una wadeni wengi." Na kweli, kila Ijumaa mzee yule anavaa kanzu safi, anashika mkwaju wake, anakwenda kudai. Daktari alikuwa akinihimiza nimtembeze kwa ajili ya presha, nikawa nambembeleza na hatoki. Madeni yamemtembeza.

Maalim anasomesha Juzuu Amma watoto wa mtaa baada ya laasiri, hapo hapo barazani. Kuna mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba Maalim siku hizi hachapi, watoto hawamuogopi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Na mchana anakuja bibi jirani, usiku hurudi kwake maana nyumba ina wanaume, anakaa uani na ukili wake, anawafundisha wasichana wawili kusuka mikeka. Anagombana na Nahodha kuhusu redio kila siku ya Mungu. Nimeacha kuwaamua. Siku bibi hakuja, Nahodha anauliza mara mbili, "Yule mgomvi leo yuko wapi?"

Ukitaka kuona wazee wana nafasi gani duniani, njoo msimu wa karafuu. Karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka Pemba, hilo halina ubishi, na msimu ukiingia hapana mtu aliyekaa bure. Wachumaji wanarudi jioni na magunia, tunamwaga uani juu ya mikeka, na usiku ni kuchambua: karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, kule. Hapo ndipo vidole vya wazee vinapowashinda vijana wenye simu. Bibi jirani anachambua huku anazungumza na jirani yake, hatizami chini, na rundo lake ndilo kubwa. Nahodha anaimba nyimbo za mchezo wa ng'ombe alizozisikia Chwale na Pujini akiwa kijana, nyengine si za kuimbiwa watoto, na Maalim anajifanya hasikii.

Mchana karafuu zikiwa juani, mkubwa wa uwanja ni baba. Anachukua moja, anaivunja kwa kucha karibu na sikio. Ikikatika kwa mlio, imekauka. Ikipinda, irudi juani. Wingu likitokea upande wa bahari ndiye anayepiga kelele tuanue. ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, wananunua kwa daraja, na karafuu iliyokauka vibaya au iliyochanganyika na makonyo inakushusha daraja na bei yake. Kaka yangu wa Fuoni alikuja msimu uliopita akamuona baba anaamrisha watu wazima na wanakimbia. Hakusema kitu. Mie pia sikusema kitu, ingawa nilikuwa nayo ya kusema.

Mambo ya nyumba yenyewe yapo, nayapitia haraka. Vizingiti vyetu vya kizamani ni virefu, vingine nimevisawazisha. Chooni nimetia bomba la kushikia ukutani na kiti cha plastiki cha kuogea, na taa haizimwi usiku. Vigae vinavyong'aa, kaka wa Muscat, vikirowa vinaangusha mzee, na mzee akivunjika nyonga ni mashaka makubwa. Kama lazima uweke, chagua vile vinavyokwaruza. Maalim anasali juu ya kiti, tumemuwekea kiti kizito kisichosogea. Basi.

Pesa yake muachie mwenyewe. Pensheni jamii ya Zanzibar ilipoanza Aprili 2016 ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyetimiza miaka 70, awe aliajiriwa serikalini au alivua pweza maisha yake yote. Baadae ikapandishwa ikawa 50,000. Nawajua watoto wanaokwenda kuchukua kwa niaba ya mzee ambaye miguu anayo, na kitambulisho chake wanakaa nacho wao. Kwa nini? Siku ya malipo kwetu ni sikukuu. Wanavaa, wanakwenda pamoja, wanakutana na wenzao wa shehia nyengine, wanapata habari za nani anaumwa na nani kaoa. Wakirudi Nahodha anagawa kashata kwa watoto wa chuo, deni lake la mwezi mzima. Mzee asiyekuwa na pesa ya kumpa mtoto kitu anahisi kama yeye ndiye mtoto.

Waandikisheni pia kwenye jumuiya ya wazee, JUWAZA, na tarehe 1 Oktoba, siku yao duniani kote, muwapeleke kwenye sherehe badala ya kuwatumia picha ya maua. Toka 2020 tunayo sheria ya masuala ya wazee hapa Zanzibar. Mzee anayo haki yake, hasubiri hisani yako.

Sasa niseme lile ambalo watu hawalipendi. Sisi tukisikia nyumba za wazee za serikali, Sebleni na Welezo za Unguja au Limbani ya hapa Wete, tunasema "Mungu atuepushe", kana kwamba waliomo wamelaaniwa. Ijumaa baada ya sala wazee wangu wakipenda huwapeleka Limbani kucheza bao, na nimewaona wenyeji wao: wanabishana, wanaibiana kete, wanapangana foleni ya kucheza na baba kwa sababu baba anajisifu sana. Halafu namuona tajiri fulani, sitamtaja, aliyemtia mama yake nyumba ya vyumba vinne nje ya mji. Mtumishi anaangalia tamthilia, geti limefungwa kwa ndani, bibi wa watu anahesabu magari yanayopita. Mtoto huyo huyo ndiye anayesema Limbani ni aibu. Aibu ya nani?

Mwenyezi Mungu katika Surat Al-Israa, aya ya 23, ametukataza hata kuwaambia wazazi "uff". Tumelishika hilo la ulimi. Lakini kumuamulia mtu mzima pa kulala, saa ya kula, nani wa kuzungumza naye, na kitambulisho chake kukitia mfukoni mwako, hilo tunaliita mapenzi, na tunataka tushukuriwe juu yake. Muulizeni mzee. Akikwambia sijui, muulize kesho. Akikwambia kitu ambacho kwako hakina maana, fito na kisu, kuku wawili, kurudi kijijini kwao Ole, basi hicho hicho. Wewe ukizeeka utachagua vyako.

Kwa upande wa gharama, kwa wanaotaka kufanya kama mimi: kila familia inachangia kiwango kimoja kwa mwezi, na dawa kila mtu za mzee wake. Naandika daftari, chakula, mkaa, umeme, posho ya mpwa wangu, na mwisho wa mwezi nalipiga picha naliweka kwenye kikundi cha WhatsApp wote waone. Yale maneno ya shamba na pesa yalikatika mwezi ule ule, isipokuwa kwa shangazi. Msichukue wazee wengi. Watatu kwangu ndio mwisho, na kila anayeingia wenyeji waliomo waridhie kwanza, sio watoto wao.

Wanaotaka kuja kujionea waje karafuu zikianza kuchumwa, usiku baada ya isha, na kila mtu aje na mkeka wake. Madema ya Nahodha yana foleni, nusu ya pesa anataka mbele, na msinipigie mimi kuomba mpunguziwe bei. Ongeeni naye mwenyewe, na muongee kwa sauti, sikio la kushoto halisikii.