Aliyekiri kwa kipigo, je, ana dhambi?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mdogo wangu alikamatwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Kituoni alipigwa nyayo mpaka akaweka dole gumba kwenye maelezo ambayo hajui hata kuyasoma, na akamtaja jirani yetu asiyehusika. Jirani aliachiwa na mahakama ya wilaya. Mdogo wangu amefungwa miaka 30, yuko gereza la Isanga. Hapa Bahi mzee mmoja msikitini anasema aliyekiri amekiri, na dola ina haki ya kumpiga mwizi ili aseme kweli. Je, mdogo wangu ana dhambi ya uongo?

JIBU: Wa alaykumu salaam, dada yangu. Swali lako limeninyima usingizi, maana maneno ya mzee huyo nayasikia hata hapa Dodoma mjini, tena kwa watu wenye elimu.

Kwa kukiri dhidi ya nafsi yake, hana dhambi. Sahaba Ammar bin Yasir aliteswa na Makureshi mpaka akatamka ukafiri, ikashuka aya ya 106 ya Suratun Nahl kumtoa lawamani. Aliyesamehewa kutamka ukafiri kwa kulazimishwa atashindwaje kusamehewa kutamka wizi?

Mzee wako atasema kukiri ni ushahidi mkubwa kuliko wote. Ni kweli, lakini kukiri kwa nani? Maiz alikuja kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kukiri zinaa, kwa miguu yake mwenyewe, hakuna aliyemshika, na bado Mtume aligeuza uso mara baada ya mara, akauliza kama ana wazimu. Huo ndio ugumu wa kupokea kukiri kwa mtu aliye huru! Leo tunataka kupokea wino wa dole gumba la mtu asiyeweza kusimama kwa uvimbe wa nyayo?

Atasema pia kwamba wapo wanavyuoni walioruhusu mtuhumiwa abanwe. Wapo, na Ibn Taymiyya ni mmojawao, lakini alimzungumzia mtu anayejulikana kwa uovu, si kila kijana aliyekutwa barabarani usiku. Imam Ghazali alilikataa: kumwacha mkosaji bila kumpiga ni nafuu kuliko kumpiga asiye na hatia. Naye sahaba Nu'man bin Bashir, alipoletewa wafumaji walioshukiwa wizi, aliwaweka kizuizini siku chache, akawaachia. Wenye mali wakalalamika kwa nini hakuwapiga. Akawaambia: mkitaka nitawapiga, mali yenu ikionekana, sawa, isipoonekana nitachukua migongoni mwenu kama nilivyochukua migongoni mwao. Akasema hiyo ndiyo hukumu ya Allah na Mtume wake. Mzee wako yuko tayari kutoa mgongo wake?

Wala asijifiche nyuma ya dola. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(e), inakataza mtu kuteswa, na Sheria ya Ushahidi inautwika upande wa mashtaka mzigo wa kuthibitisha kwamba maelezo yalitolewa kwa hiari.

La jirani ni zito zaidi. Kulazimishwa kunaondoa lawama kwa yanayokuhusu wewe. Haki ya mwenzako haifutiki hivi hivi. Mdogo wako aombe toba na amtake radhi jirani. Hawezi kutoka, basi nendeni nyinyi na wazee wawili, mumweleze kwamba jina lake lilitolewa kwa maumivu. Akifoka, msijibizane naye. Alikaa mahabusu bila kosa, ana haki ya kukasirika.

Na rufaa isisubiri. Kwenda Mahakama Kuu, notisi hutolewa ndani ya siku 10, na sababu za rufaa ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kungojea nakala ya hukumu. Mfungwa huipitisha kwa mkuu wa gereza. Kama siku zimepita, anaweza kuomba aongezewe muda akiwa na sababu ya msingi. Tafuteni ile PF3, fomu ya polisi ya matibabu, na cheti cha hospitali alikotibiwa nyayo. Kama maelezo yale alishayapinga mahakamani, wakili aanzie hapo. Mkienda Isanga kumtazama, mwambieni kwamba swala zake na funga zake ziko palepale.